Mstari wa Nne kwenye Landrova ya Bakari

Haya nitakayoyasema niliyasema tayari mbele ya wazee wa Mbekenyera, mkono wangu ukiwa juu ya msahafu, na sikuongeza neno. Kama niliapa uongo, basi nilishalaaniwa zamani na wewe huna haja ya kunisaidia. Najua utakachosema. Utasema fundi alikuwa na njaa, jua lilikuwa kali, macho yakamdanganya. Lakini yupo kijana pale Mbekenyera, anapumua, anakula ugali kama wewe, anayeitwa kwa jina la baba yake kwa sababu ya mstari wa plastiki nilioubandika mimi ubavuni mwa gari. Jua kali halimpi mtoto baba.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Sikuwa mjinga, nilikuwa siwezi kukaa. Kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi, na siku moja nikapanda. Nimechota chumvi Lindi, nimebeba magunia ya korosho Mtwara, na Masasi nilimkuta fundi mmoja mzee akipamba magari kwa stika, nikasimama kumtazama kutwa nzima mpaka akachoka kunifukuza akanipa kitambaa nimsaidie. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikahamia Nachingwea na rola zangu mbili za stika, nyeupe na nyekundu, nikapata kibaraza karibu na soko.

Kazi yenyewe si ngumu ila inataka subira. Unakata ukanda kwa wembe, unapiga uzi wenye chaki ubavuni mwa gari ili upate njia iliyonyooka, unalowesha bati kwa maji ya sabuni, unalaza stika, kisha unakamua maji kwa kipande cha dumu ulichokizungushia kitambaa. Mwisho unapitisha dole gumba polepole kutafuta hewa iliyojificha ndani. Dole gumba ndilo jicho la fundi wa stika. Mstari mrefu unataka watu wawili, mmoja ashike ncha huku mwingine akilaza, na anayeshika ncha lazima aache alama ya kidole kwenye gundi, hata anawe vipi. Halafu kuna jambo moja ambalo wenye magari wengi hawalijui. Rangi iliyofunikwa na stika haipauki. Gari zima litachujuka kwa jua la miaka, lakini ukibandua mstari wa zamani, chini yake rangi ni mbichi kama ya siku ya kwanza. Lishike hilo. Tutarudi hapo.

Siku hiyo alinijia mtu mmoja, mpole, amevaa kanzu iliyofifia. Akasema anaitwa Issa, anatoka Mbekenyera, na kaka yake amefariki.

“Pole sana,” nikamwambia. “Nami nikusaidie nini?”

“Uje ubandike mistari kwenye gari lake.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Msibani wanaitwa mashehe, wanaitwa wapishi. Fundi wa stika anaitwa kufanya nini?

Tukiwa njiani kwenda Ruangwa, na baadaye kutoka Ruangwa kwenda kwao, Issa alinieleza. Kaka yake aliitwa Bakari. Alikuwa na Landrova ndefu ya kijani, akibeba watu na ufuta na mahindi kutoka Mbekenyera mpaka Narung'ombe, mpaka Nachingwea, popote barabara ilipokubali. Na Bakari alikuwa na desturi yake. Kila mkewe alipojifungua, alilipeleka gari kwa fundi likaongezwa mstari mweupe ubavuni. Watoto watatu, mistari mitatu. Watu wa huko walikuwa wakiliona gari kwa mbali wanasema, huyo Bakari anakuja na wanawe. Kisha akaugua. Alilazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa majuma machache, akazidiwa tena, akarudishwa hospitali na hakutoka mzima.

“Sasa kesho ni arobaini,” Issa akasema. “Kwetu vitu vya marehemu huoshwa kabla ya kukabidhiwa kwa wenyewe. Jembe linaoshwa, baiskeli inaoshwa. Gari atalichukua mwanawe mkubwa. Lakini ile mistari imekatikakatika kama gamba la nyoka. Tuirudishe. Mitatu, kama ilivyokuwa.”

Akanionya na jambo jingine. “Mtani wetu anakuja. Mngoni, anaitwa Gervas. Utamwona amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anadai chakula cha marehemu. Usishangae. Na akikuagiza kitu, fanya. Mtani wa msibani hakataliwi.”

Nikamwambia nayajua hayo. Kusini hii ukizunguka kama nilivyozunguka mimi, umeona watani wengi wakiwachekesha watu waliokwisha kulia mpaka wakakauka. Wamwera na Wangoni, babu zao walipigana, wajukuu wanazikana na kutukanana. Ni jambo zuri. Nililipenda siku zote.

Tulifika adhuhuri imepita. Landrova ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho. Nilianza kwa kuibandua mistari ya zamani na kusugua gundi yake kwa mafuta ya taa, na chini ya kila mmoja kijani kikatokea, kibichi, kikang'aa. Mwili wote uliobaki ulikuwa umepauka mpaka ukafanana na jani la muhogo lililokauka. Nilisugua ubavu wote, juu mpaka chini, kwa mkono wangu mwenyewe. Nasisitiza hapo. Kushuka kutoka mstari wa tatu hapakuwa na kitu, ni bati lililochujuka tu.

Nikabandika miwili ya kwanza kwa taabu, nikishikiza ncha kwa selotepu ya karatasi, maana niliona haya kuomba mtu anishikie. Watu wa msiba wana kazi zao. Ilipoadhiniwa alasiri wanaume wakaenda msikitini, wanawake wakaenda kisimani kuchota maji ya kupikia ya kesho. Nyumbani akabaki mjane peke yake, yuko ndani kwa sababu ya eda, na kabinti kake ka mwisho, Rehema, kamelala. Nilimsikia mama huyo akikohoa mara moja moja nyuma ya dirisha. Vinginevyo kimya.

Watu wanadhani mambo haya hutokea usiku. Niamini mimi, jua lilikuwa bado lina nguvu ya kukausha nguo.

Nilikuwa nahangaika na mstari wa tatu, upepo unaukunja, ndipo nikaona umenyooka. Mtu ameshika ncha ya upande wa pili.

“Fundi,” akasema, “mstari wako umekunywa?”

Niliinua macho. Mwanamume wa makamo, koti la kahawia, kofia ya kushona kwa mkono. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kama la mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote. Nikajua huyu ndiye. Na nikajua namna ya kumjibu, kwa kuwa mtani hajibiwi kwa adabu.

“Umekunywa kama wewe, marehemu. Karibu. Mbona umewahi? Arobaini yako ni kesho.”

“Nimekuja kutazama gari langu.”

“Gari si lako tena. Wewe sasa unakwenda kwa miguu.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali neno la kweli. “Ndiyo,” akasema. “Na njia ni ndefu.”

Nikacheka. Nikamwambia anaigiza vizuri, hata chakula cha kesho atakila peke yake. Yeye alishika ncha, mimi nikalaza, na nakuambia sijawahi kulaza mstari ulionyooka namna ile, kabla wala baada ya hapo. Aliachia kidogo kidogo nilipohitaji aachie, akavuta nilipohitaji avute, bila kuambiwa. Nilitaka kumwuliza alijifunzia wapi. Mimi napenda kuuliza watu. Lakini alikuwa amekwisha kusogea, anapita kwenye ubavu wa gari akiweka kiganja juu ya kila mstari.

“Huyu Abdala. Huyu Mwanahawa. Huyu Rehema.”

Kiganja kikashuka kwenye bati tupu, kikakaa hapo.

“Na huyu?”

“Hapo hakuna mtu, marehemu. Ungekuwa na haraka ya kuzaa kuliko ya kufa.”

Nilisema vile kwa kuwa ndivyo utani ulivyo, na mtani mzuri angenirudishia tusi la kunizidi. Huyu hakucheka wala hakutukana. Alinitazama tu, na machoni mwake hapakuwa na mzaha wowote. Mtani anayetaniwa akanyamaza, wewe umemwona wapi? Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka. Sikushtuka. Nilidhani nimemkera.

“Yupo,” akasema. “Weka wake. Mwembamba. Atakua mwenyewe.”

Mtani hakataliwi. Nikakata ukanda mwembamba, nikapiga uzi, nikalowesha bati, nikampa ncha ashike. Katika kupokezana dole gumba langu la kulia likagusa la kwake. Watasema walioguswa na wafu kwamba ni baridi. Mimi sikusikia baridi wala joto. Sikusikia kitu, kama unavyougusa mkono wako mwenyewe uliokufa ganzi kwa kuulalia.

Tukaulaza mstari wa nne. Akautazama sana. Kisha akasema, “Mwambie wa ndani, kazi nimeiona.” Akaondoka kupitia kwenye mikorosho, bega la kulia chini, na mimi nikainama kuokota wembe wangu.

Issa aliporudi kutoka msikitini alisimama mbele ya gari akahesabu kwa kidole, halafu akahesabu tena.

“Fundi, umekosea.”

“Sikukosea. Mtani wenu ameagiza wa nne.”

“Mtani yupi?”

“Gervas. Ametoka hapa sasa hivi, na koti lake.”

Issa akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mgeni aliyepigwa na jua. “Gervas yuko Nachingwea. Anakuja kesho na gari la asubuhi. Na koti la kaka liko ndani ya sanduku, dada yangu Somoe amelifungia na ufunguo ameuvaa shingoni.”

Hapo hapo sauti ikatoka dirishani. Mjane hakujitokeza. Tuliona vidole tu kwenye pazia.

“Fundi, huo wa nne uko wapi?”

“Chini ya ile mitatu, mama.”

“Mwembamba?”

“Mwembamba. Alisema atakua mwenyewe. Akasema nikwambie, kazi ameiona.”

Pazia likatulia. Tukasikia kishindo kidogo, kama mtu amekaa chini ghafla, kisha kilio cha kujizuia, cha mtu aliyeziba mdomo kwa khanga. Baadaye akasema neno moja tu: “Asiubandue mtu.”

Issa akainua kwa ukucha ncha ya upande alioshika yule mtu. Kwenye ncha yangu alama ya dole gumba langu ilionekana ndani ya gundi, mistari yake yote. Kwenye ncha ile ya pili gundi ilikuwa safi kama kioo. Akairudisha, akaikandamiza, akaenda kukaa mbali na mimi.

Kesho yake Gervas alikuja. Mtu mfupi, mnene, mcheshi. Nilisimama pale Bi Somoe alipofungua sanduku akalitoa koti la kahawia, limekunjwa, mikunjo imekaza. Gervas akalivaa, akashusha bega la kushoto, akaanza kutembea ua mzima akiuliza nani amekunywa uji wake. Watu wakacheka mpaka machozi. Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu niliona amekosea, na nilikuwa bado sijalielewa kosa lenyewe, mpaka kikongwe mmoja aliyekaa mkekani akapiga kelele:

“Bega la kulia, wewe Mngoni. Hata maiti huwezi kuiiga?”

Niliondoka siku ile ile. Sikusubiri chakula.

Laiti kisa kingeishia hapo, ningekisahau. Masika yakapita, barabara zikafunguka, na Issa akanijia tena kibarazani Nachingwea. Safari hii hakuwa mpole. Mjane wa kaka yake alikuwa na tumbo, na ukoo ulikuwa unataka kujua ni la nani.

Elewa palipokuwa na hatari. Kama mtoto yule si wa Bakari, mama angerudishwa kwao kwa aibu, na watoto watatu wangebaki bila mama, na wa nne angezaliwa bila jina la kuitwa. Hakuna aliyelitaka hilo. Lakini hakuna pia aliyetaka kumbambikia marehemu mtoto wa mtu mwingine.

Nikaenda naye Mbekenyera. Wazee na ukoo walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba, karibu na gari. Bi Somoe ndiye aliyesema zaidi. “Kaka yangu zile wiki alizorudi nyumbani nilikuwa namwinua mimi kumnywesha uji. Mtu wa kuinuliwa anapata wapi mtoto?”

Mjane alikuwa amekaa chini, kwenye udongo, hakupewa mkeka. “Ulikuwa unamwinua mwanzo, wifi,” akasema. “Baadaye uliondoka kwenda kupalilia ufuta wako. Baadaye alikuwa anatembea.”

“Nani alimwona akitembea?”

“Mimi.”

“Nani mwingine?”

Mjane akasema kwa sauti ya chini, akiitazama ardhi: “Siku ya mwisho hospitali nilimwambia nadhani nimeshika mimba. Nilimwambia yeye tu. Alitabasamu, akasema, nikitoka hapa nitakwenda kwa fundi.”

Ndipo wakaniapisha. Nikasema yote, koti, kofia, bega, maneno yake kama yalivyo. Wengine waliinamisha vichwa. Lakini Bi Somoe hakuwa mtu wa kutishwa na hadithi, nami simlaumu, lilikuwa jina la kaka yake. Akasema: “Mgeni anaweza kuapa, na mgeni anaweza kupewa maneno ya kuapia. Huo mstari kaubandika yeye. Ubandueni, utoke hapo.”

Issa akachukua wembe wangu, akaanza kuubandua taratibu.

Unakumbuka nilichokuambia juu ya rangi? Stika ya msimu mmoja haiachi kitu. Chini yake ilipaswa kuwa rangi ile ile iliyopauka, bati nililolisugua kwa mkono wangu. Lakini kadiri Issa alivyovuta, kijani kilitokea, kibichi, chembamba, kimenyooka kutoka taa ya mbele mpaka mlango wa nyuma, kama cha mstari uliokaa pale tangu gari likiwa jipya. Issa akaacha kuvuta. Kuku alipita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

Bi Somoe akainuka, akaweka kiganja chake kwenye ule ukijani, akakiacha hapo kwa muda, pale pale alipokiweka yule mwingine. Kisha akavua khanga yake ya juu, akaitandika, akamshika wifi yake mkono.

“Inuka kwenye udongo,” akamwambia. “Utamtia mtoto baridi.”

Wakaniomba niurudishe mstari. Niliurudisha, Issa akashika ncha. Na nilipopitisha dole gumba langu la kulia kutafuta hewa, sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshaona dalili tangu arobaini ile, nikadhani ni mafuta ya taa. Siku hiyo nilijua. Halijapona mpaka leo. Nalichoma na sindano, halisemi. Fundi wa stika asiyesikia hewa anaacha malengelenge kila mahali, na wateja si vipofu. Rola zangu niliziuza, nikarudi barabarani, nikafanya hili na lile.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Anaitwa mtoto wa Bakari na hakuna anayecheka. Landrova ilikufa siku nyingi, imewekwa juu ya mawe chini ya mkorosho ule ule, na walioiona wananiambia mistari yangu mitatu imekatikakatika kwa jua kama ile ya kwanza, ila wa nne umeshika. Wananiambia pia kwamba sasa ni mpana kama wenzake. Nimepita Mbekenyera zaidi ya mara moja. Sikwenda kupima.

Basi nawe, siku ukiitwa kufanya kazi nyumba ya msiba, ukaona mtu usiyemjua amekushikia ncha ya kitu, usimwite marehemu kwa mzaha kabla hujauliza kama mtani amefika. Na kama umekwisha kumwita, usikimbie. Sikiliza anachoagiza, ufanye kama alivyosema, mwembamba akisema mwembamba. Hujui kuna nani nyuma ya pazia anayelisubiri neno hilo. Ila kidole chako kiweke mbali na chake.